KILIO CHA USIKU NI CHA NANI?



Safari hii tutazame jambo linaloonekana dogo, lakini limevunja amani katika nyumba nyingi: mtoto mchanga aliyekuwa analala vizuri, halafu ghafla anaanza kuamka usiku. Miezi mitatu ya kwanza wazazi walikuwa wanashukuru. Mwezi wa nne unafika, mtoto anaamka mara nne, mara tano, analia mpaka jogoo anawika. Na nyumba zetu hapa Nakivale tunazijua. Ukuta ni wa udongo, pengine ni turubai tu. Mtoto akilia, nyumba tatu zimeamka. Asubuhi mama ana macho mekundu, baba amenuna, jirani hasalimii. Ndipo swali linapokuja: kilio hiki ni cha nani? Ni nani anayepaswa kukibeba?

Kabla ya kujibu, tujue kwanza ni kitu gani. Mtoto aliyezaliwa hivi karibuni hajui mchana wala usiku. Analala vipande vipande, na kwa jumla anaweza kufikisha saa 14 hadi 17 katika siku moja. Kufikia mwezi wa tatu au wa nne, usingizi wake unabadilika na kuanza kufanana na wa mtu mkubwa. Unakuwa na vipindi, usingizi mzito kisha mwepesi, na kati ya kipindi na kipindi anazinduka. Hata sisi wakubwa tunazinduka, ila tunageuka upande wa pili na asubuhi hatukumbuki. Mtoto bado hajajifunza kugeuka na kulala tena peke yake. Anazinduka, anajikuta gizani, anaita. Tena katika miezi hiyo anakua haraka na anahitaji ziwa. Basi mara nyingi kuamka huku ni dalili ya kukua, si ugonjwa.

Wala si uchawi. Jambo hili tuliseme wazi, maana linaumiza watu. Mtoto akianza kulia usiku, wapo wanaomtazama mama mzee anayekaa peke yake na kuanza kunong'ona. Hakuna jirani anayeiba usingizi wa mtoto. Kumshtaki mtu asiye na kosa kwa sababu mtoto wako anakua ni dhambi dhidi ya jirani, na katika kambi hii, ambamo watu wa makabila na nchi nyingi wanakaa mlango kwa mlango, ni moto unaoweza kuunguza kijiji kizima.

Sasa tuulize: je, mtoto ana kosa? Wengine husema, "Anadeka, mwache alie, atazoea." Lakini ili mtu awe na kosa, ni lazima ajue anachofanya na aweze kufanya vingine. Mtoto wa miezi minne ana neno moja tu, nalo ni kilio. Akiwa na njaa ni hilo, akisikia baridi ni hilo, akitaka tu kujua kwamba upo ni hilo hilo. Kumkasirikia ni kama kumkasirikia bubu kwa sababu anaongea kwa mikono.

Hata watu wa elimu wamewahi kukosea hapa. Mwaka 1928 mtaalamu mmoja wa Marekani, John Watson, aliandika kitabu cha kuwaonya wazazi wasiwakumbatie wala kuwabusu watoto wao mara kwa mara, wasije wakawaharibu. Huko huko Marekani, tangu katikati ya miaka ya 1800, ilikuwa inauzwa dawa ya maji iitwayo Mrs. Winslow's Soothing Syrup ya kutuliza watoto. Watoto walinyamaza kweli, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mofini. Wengine hawakuamka tena. Sheria ya mwaka 1906 ndiyo iliyolazimisha dawa kama hiyo kutajwa kwenye chupa. Wazazi wale hawakuwa wabaya. Walikuwa wamechoka, na mtu aliyechoka anaweza kuutaka ukimya kuliko anavyoutaka uzima wa mtoto. Jaribu hilo lipo hata kwetu: kijiko cha pombe, au Piriton bila ruhusa ya mganga, "ili alale." Tusifanye. Usingizi wa namna hiyo unaweza kumziba mtoto pumzi.

Kuna jambo lingine linalotuhusu sisi wakimbizi kuliko watu wengine. Wengi wetu tulipokuwa tunakimbia, kilio cha mtoto kilikuwa hatari. Mama alimziba mtoto kinywa kwa kitenge porini, kwa sababu sauti moja ingeweza kuwaletea watu wenye silaha. Wakati ule, kunyamazisha kulikuwa upendo. Leo mtoto akilia saa nane ya usiku, kuna watu wazima ambao moyo unaenda mbio, jasho linatoka, na wanapiga kelele "mnyamazishe!" kabla hawajajua wanasema nini. Tusiwahukumu. Lakini tuambiane ukweli: huku kilio cha mtoto hakimwiti adui. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipokuja ndugu zetu kutoka Rwanda. Watoto waliolia hapa wakati ule leo ni wazee wenye wajukuu. Mtoto aruhusiwe kulia.

Turudi basi kwenye swali. Jibu la haraka ni "kilio ni cha mama, yeye ndiye mwenye ziwa." Ni kweli kwamba kunyonyesha hakuwezi kugawanywa. Lakini tuhesabu kazi za usiku. Kuna kumwinua mtoto, kumbadilisha nepi, kumbeba akicheua, kumtembeza mpaka atulie, kurudisha chandarua vizuri. Katika zote hizo ziwa ni moja tu. Zilizobaki zinahitaji mikono, na baba anayo mikono miwili. Atasema, "Mimi alfajiri nakwenda shambani," au "napanda gari kwenda Mbarara kutafuta bidhaa." Ni sawa, baba, lakini mama naye alfajiri anashika jerikeni. Kazi ya mmoja haifuti uchovu wa mwingine. Wakubaliane wakati wa jioni, kabla hasira haijaingia: nusu ya kwanza ya usiku ni ya nani, nusu ya pili ni ya nani.

Na jirani? Hapa kuna hoja nzito, tusiipuuze. Jirani anasema, "Mimi sikuzaa mtoto huyu. Nina haki ya kulala." Ndiyo, anayo haki. Lakini atamdai nani? Mtoto hawezi kulipa. Mama tayari analipa kuliko yeye. Kuna haki ambayo ukiidai kwa nguvu hupati kitu ila ugomvi, na usingizi haurudi. Njia iliyobaki ni kuuliza: nifanye nini ili usiku huu uwe mfupi kwetu sote?

Kumbukeni tulikotoka. Nyumbani, mwanamke akijifungua, nyanya alikuja na mkeka wake akakaa. Alimpokea mtoto alfajiri, akamwambia mzazi, "Lala." Huku nyanya wengi hawapo. Wengine walibaki Masisi, Fizi au Rutshuru, na wengine tuliwazika. Nafasi yao iko wazi, na hakuna wa kuijaza ila jirani. Mama uliyemaliza kulea, nenda saa nne asubuhi, mchukue mtoto mgongoni saa mbili tu, mama yake alale. Kijana, mletee maji. Hamhitaji lugha moja kwa kazi hiyo. Mtoto wa Mkongomani hutulia mgongoni mwa Mrundi au Msomali vile vile.

Tusisahau pia tumbo la mama. Mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa nne mwaka 2020, na baada ya hapo umepunguzwa tena. Mama mwenye njaa husema maziwa hayatoshi, ndiyo maana mtoto analia, na anaanza kumpa uji kabla ya miezi sita. Waganga wanashauri maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita, na kadiri mtoto anavyonyonya, usiku na mchana, ndivyo maziwa yanavyoongezeka. Basi sahani ya maharage kwa mama anayenyonyesha ni msaada kwa watu wawili.

Neno kwa mama mwenyewe. Kuchoka si dhambi. Hata kumkasirikia mtoto moyoni saa tisa ya usiku hakukufanyi uwe mama mbaya. Lakini hasira ikipanda, usimtikise mtoto kamwe. Ubongo wake ni laini, kutikiswa kunaweza kumuua au kumlemaza maisha yake yote. Mlaze chali mahali salama, toka mlangoni, vuta pumzi, ita mtu. Akilia dakika chache peke yake hatakufa. Na ukilala naye, angalia usije ukamlalia. Katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 3, kesi iliyoletwa kwa Sulemani ilianza na mama aliyemlalia mtoto wake usingizini. Aliyelewa asilale na mtoto kabisa.

Lakini si kila kilio ni cha kukua. Mtoto akiwa na homa, akikataa kunyonya, akipumua haraka, akitapika kila kitu, akilegea au akishikwa na degedege, msingoje asubuhi. Mpelekeni kituo cha afya usiku huo huo. Hapo ndipo jirani mwenye pikipiki anapojulikana.

Kilio cha usiku ni cha nani, basi? Ni cha kila mwenye masikio na nguvu iliyobaki. Usiku wa leo, ukisikia mtoto wa jirani analia, usigonge ukuta. Asubuhi gonga mlango, uulize wameamkaje.