Tunapima Unabii, Mbona Hatupimi Habari za Vita?



Mtu akileta unabii kanisani, tunaupima kwanza. Lakini habari za vita tunazimeza zote.

Tukumbuke mwezi wa 8, 1998. Vita ilipoanza Goma, tuliambiwa ni Wakongomani peke yao walioasi. Rwanda ilikana kuwa na askari kwetu mpaka mwezi wa 11. Nasi huku Beni tuliwaona waaskari wa Uganda kwa macho yetu.

Mwezi ule ule wa 8, redio ya serikali kule Bunia iliita watu washike mapanga na mikuki wawaue Watutsi.

Uongo wa kwanza ulimficha mvamizi. Wa pili ulimgeuza jirani kuwa mvamizi. Wa kwanza ulitukasirisha; wa pili, wangapi tuliupitisha sokoni?

Kukataa uvamizi ni haki. Lakini amri ya kutomshuhudia jirani uongo hailali wakati wa vita. Leo habari zinapita kwa simu. Kabla ya kuzituma tuulize: nani ameona? Na kama ni uongo, damu ya nani itamwagika?

Bwana alinde vinywa vyetu. Amina.