Ufa Haufichwi kwa Chokaa



Sisi tukaao Bagamoyo na pwani hii twazijua nyumba za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa. Twazijua pia nyufa nyembamba kama unywele zitokeazo katika lipu ya ndani. Sikukuu ikikaribia, hupakwa chokaa juu yake, ukuta ukapendeza. Masika yakipita, ufa huonekana tena.

Fundi mwema hafanyi hivyo. Kwanza huupanua ufa kwa ncha ya kisu, akaondoa vumbi na kuulowesha kwa maji. Ndipo huujaza chokaa na mchanga laini, akaukandamiza, na kuutunza na unyevu siku kadhaa. Maana chokaa ikikauka upesi hupasuka upya. Wala hazibi kwa saruji tupu, kwa kuwa ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na hufungia unyevu ndani.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 13, aliwakemea waliotangaza amani pasipo amani, akawafananisha na watu wapakao chokaa ukuta usio imara. Je, sisi tu mbali nao? Twapeana mkono wa amani katika Ekaristi Takatifu, na huku hatusemezani na ndugu kwa ajili ya shamba au urithi. Kuufungua ufa huo kwauma, lakini pasipo kuufungua hakuna kitakachoshika ndani yake. Neno gumu lisemwe kwa upole, kosa liungamwe, kisha tungoje kwa subira.

Basi Jumapili hii, kabla hatujaikaribia meza ya Bwana, kila mmoja wetu amwendee ndugu yake. Amina.