Amana ya Ajuaye: Mhandisi wa Mauzo na Wajibu wa Kutaja Kasoro

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, husema wahenga, na methali hiyo imesimama juu ya dhana isiyotamkwa, kwamba mnunuzi ana uwezo wa kukitambua kizuri akikiona. Katika bidhaa nyingi za sokoni dhana hiyo ni sahihi, kwa maana anayenunua samaki humfunua mashavu akatazama wekundu wake, na anayenunua kitambaa hukishika, akakivuta na kukitazama kwenye mwanga kabla ya kukubali bei. Zipo hata hivyo bidhaa ambazo ubora wake haushikiki wala hauonekani, kama vile pampu ya kisima kirefu, mashine ya eksirei, jenereta ya hospitali au programu ya kutunzia hesabu za benki. Katika bidhaa za namna hiyo kizuri hakijiuzi, kwa kuwa hakijulikani, na kibaya hakina haja ya kujitembeza, kwa kuwa kwa nje kinafanana na kizuri. Pengo hilo la ujuzi baina ya muuzaji na mnunuzi ndilo lililoizaa kazi ya mhandisi wa mauzo, na ndilo linaloleta swali la kimaadili ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili kwa zaidi ya miaka elfu mbili: je, mtu anayeijua kasoro ya bidhaa anawajibika kuitaja hata kama hakuulizwa, na hata kama ujira wake unatoka kwa muuzaji?

Mhandisi wa mauzo ni mtaalamu aliyesomea uhandisi au fani iliyo karibu nao, ambaye kazi yake si kubuni mtambo wala kuutengeneza, bali ni kumsaidia mteja kuchagua mtambo unaomfaa na kumsaidia mwajiri wake kuuuza. Kwa kawaida hufuatana na ofisa mauzo, ambaye hushughulikia bei, masharti ya malipo na mahusiano na mteja, ilhali yeye husikiliza tatizo, hukagua eneo la kazi, hukokotoa ukubwa wa mtambo unaohitajika, huuonyesha ukifanya kazi, na hujibu kipengele kwa kipengele matakwa ya kiufundi yaliyoandikwa katika nyaraka za zabuni. Kazi hii hudai elimu ya kiufundi isiyo ya kubabaisha, uwezo wa kusikiliza kuliko kusema, na ufasaha wa kumweleza mhasibu au diwani jambo ambalo kwa kawaida huelezwa kwa milinganyo. Aghalabu sehemu ya kipato chake ni kamisheni, yaani malipo yanayotegemea kiasi kilichouzwa, na kwa sababu hiyo mtu yuleyule anayetakiwa kutoa hukumu ya kitaalamu bila upendeleo ndiye anayepata hasara hukumu hiyo ikiwa ni kwamba bidhaa haifai.

Uzito wa hali hiyo huonekana vyema katika hesabu ndogo ya mradi wa maji wa kijijini. Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 ililenga kila mkazi wa kijijini apate angalau lita 25 za maji kwa siku, ndani ya umbali wa mita 400 kutoka anapoishi, na kwa kipimo hicho kijiji cha watu 1,600 kinahitaji mita za ujazo 40 kila siku. Iwapo maji hayo yanapaswa kuinuliwa mita 80, ukijumlisha kimo cha wima na msuguano ndani ya mabomba, nishati inayohitajika kuyainua peke yake ni takriban kilowati-saa 8.7, na pampu pamoja na mota yake zikiwa na ufanisi wa nusu, mahitaji ya umeme hufikia kilowati-saa 17.4. Mahali ambapo jua la siku nzima ni sawa na saa tano za jua kamili, hesabu ya juu juu hudai paneli za kilowati 3.5, lakini vumbi, joto na upotevu wa umeme katika nyaya humlazimu mhandisi makini kupendekeza paneli za kilowati 4.5. Mshindani akiandika kilowati 3 ili bei yake iwe ya chini, pampu yake itawaka siku ya makabidhiano, maji yatatoka, picha zitapigwa na hati itatiwa saini, lakini kijiji kitapata takriban mita za ujazo 27 kwa siku, na watu zaidi ya mia tano watakosa fungu lao. Hakuna sentensi ya uongo iliyosemwa popote, kwa kuwa paneli ni nzima, pampu ni mpya na dhamana imo bahashani. Kilichotendeka ni kunyamaza tu, na swali ni kama kunyamaza huko ni tendo.

Cicero, mwanasiasa na mwanafalsafa wa Roma, aliligusia suala hili katika kitabu cha tatu cha De Officiis, alichokiandika mwaka 44 kabla ya Kristo. Alimfikiria mfanyabiashara mwadilifu aliyepeleka nafaka kutoka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa, huku akijua kwamba meli nyingine zenye nafaka ziko njiani, naye akauliza kama mtu huyo awaambie wenyeji habari hiyo au anyamaze na auze kwa bei ya juu. Akawanukuu wanafalsafa wawili wa mkondo wa Wastoa, yaani wale waliofundisha kwamba binadamu aishi kwa kufuata akili na maumbile. Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba muuzaji ataje kasoro zile ambazo sheria inamtaka azitaje, na zaidi ya hapo ana haki ya kuuza kwa faida mradi hadanganyi. Mwanafunzi wake, Antipater wa Tarso, alipinga kwa hoja kwamba wanadamu ni jamii moja, na manufaa ya mmoja hayapaswi kujengwa juu ya ujinga wa mwingine. Cicero alimuunga mkono Antipater, akiona kwamba kuficha si kunyamaza kwa kawaida, bali ni kutaka mtu asijue jambo lenye maslahi kwake ili wewe ufaidike na kutojua kwake.

Fikra ya Kiislamu ililisogeza jambo hili mbele kwa kulitoa mikononi mwa mwenye mali na kuliweka mikononi mwa mwenye ujuzi. Katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume Muhammad alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono ndani yake na vidole vyake vikakuta unyevu, na mwenye chakula alipojitetea kuwa kimenyeshewa na mvua, aliulizwa kwa nini hakuiweka sehemu iliyolowa juu ili watu waione. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika sehemu ya Ihya Ulum al-Din inayohusu kuchuma riziki, anasimulia habari ya sahaba Wathila bin Al-Asqa, aliyekuwa amesimama karibu wakati mtu mmoja alipouza ngamia kwa dirhamu 300. Mnunuzi alipokuwa ameshaondoka, Wathila alimkimbilia na kumuuliza kama ngamia huyo amenunuliwa kwa ajili ya nyama au kwa ajili ya kupandwa, na alipojibiwa kuwa ni wa kupandwa, alieleza kwamba ukwato wake una tundu na kwamba hataweza mwendo mrefu. Mnunuzi alirudi, muuzaji akapunguza dirhamu 100 huku akimlaumu Wathila kwa kumharibia biashara, naye Wathila akajibu kwamba walikuwa wamemuahidi Mtume kumpa nasaha kila Muislamu.

Kisa hiki kina mafunzo mawili yanayomhusu mhandisi wa mauzo moja kwa moja. La kwanza ni kwamba Wathila alianza kwa kuuliza matumizi, kwa sababu tundu la ukwato si kasoro kwa anayetaka nyama, na vivyo hivyo pampu ndogo si mbovu, bali huwa mbovu inapouzwa kwa kijiji kikubwa, ndiyo maana kuchunguza mahitaji ya mteja ni sehemu ya uadilifu kabla ya kuwa mbinu ya mauzo. La pili ni kwamba Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi, na hakuwa na senti katika biashara ile, ila wajibu ulimfikia kwa kuwa alijua. Kwa mujibu wa fundisho hili, ujuzi wenyewe ni amana, yaani kitu ambacho mtu hukishika kwa niaba ya mwingine na atakuja kuulizwa juu yake, na mhandisi hawezi kujivua amana hiyo kwa kusema kwamba mali si yake au kwamba bei ilipangwa na wengine.

Wajibu huo hata hivyo una mpaka, na mpaka huo ulichorwa kwa uangalifu na Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kanisa Katoliki wa karne ya 13, katika Summa Theologiae. Aquinas alifundisha kwamba kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hatari au hasara, lazima itajwe, ilhali kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima itangazwe mradi bei imepunguzwa ipasavyo. Kuhusu nafaka inayokuja nyuma, alisema kwamba haki haimlazimishi muuzaji kuitangaza, ingawa angekuwa na fadhila kubwa zaidi kama angefanya hivyo. Kutokana na utofautishaji huo, mhandisi wa mauzo halazimiki kufichua gharama za ndani za kampuni yake au mipango ya bei ya mwezi ujao, kwa kuwa hizo ni habari za soko, lakini analazimika kusema kwamba mtambo hautatosha, kwa kuwa hiyo ni habari ya kitu chenyewe.

Sheria za nchi nazo zimekaribia msimamo huo. Msingi wa kale wa sheria ya Kiingereza ulikuwa kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe, lakini Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo maudhui yake yaliingia katika Sura ya 31 ya sheria za Kenya na Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, iliweka sharti kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji matumizi anayoyakusudia na kutegemea ujuzi wake, basi bidhaa itakayouzwa sharti iyafae matumizi hayo kwa kiwango cha kuridhisha. Kutegemewa kwa ujuzi ndiko kunakozaa dhima, na mhandisi wa mauzo huajiriwa hasa ili ategemewe.

Hubaki hoja nzito ya upande wa pili, kwamba mhandisi ana deni la uaminifu kwa mwajiri anayemlipa, na kwamba akisema kweli, zabuni itachukuliwa na mshindani asiyesema. Watetezi wa ukweli mara nyingi hujibu kwamba uaminifu hulipa, na jibu hilo lina msingi, kwa sababu mwanauchumi George Akerlof alionyesha katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu magari yaliyotumika kwamba soko ambalo wanunuzi hawawezi kutofautisha kizuri na kibaya huwafukuza wauzaji wa vizuri. Lakini jibu hilo linahusu soko zima na si mhandisi mmoja mwenye zabuni moja mezani, ambaye huenda akapata hasara kweli. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili, alitoa mfano wa muuza duka anayemuuzia mtoto kwa bei ileile ya watu wote, akasema kwamba ikiwa anafanya hivyo kwa kulinda biashara yake tu, tendo lake linaafikiana na wajibu lakini halijatokana na wajibu. Uaminifu unaodumu pale tu unapolipa utakoma siku utakapoacha kulipa. Kwa upande wa mwajiri, deni analodaiwa ni juhudi, siri halali na heshima, wala halijumuishi kumdhulumu mtu wa tatu, kwa kuwa wakala hawezi kupewa ruhusa ambayo aliyemtuma mwenyewe hana.

Hukumu inayofuata ni kwamba sifa ya kwanza ya mhandisi wa mauzo, kabla ya shahada na ufasaha, ni uwezo wa kumwambia mteja mbele ya ofisa mauzo wake kwamba bidhaa hii haimfai. Si haki, hata hivyo, mzigo huo kuachwa juu ya mtu mmoja, maana kampuni inayomlipa mhandisi wake kamisheni kwa mkataba uliotiwa saini peke yake imemwekea mtego, ilhali inayoahirisha sehemu ya malipo hayo hadi mtambo uwe umefanya kazi kwa mwaka mmoja imeyaweka maslahi ya mhandisi upande mmoja na ukweli. Wanaoandaa zabuni nao wadai hesabu iliyoonyeshwa hatua kwa hatua na kutiwa saini na mhandisi aliyesajiliwa, badala ya kuridhika na neno “inakidhi” lililoandikwa kwenye safu ya majibu. Na kijana anayeingia katika kazi hii ajue tangu mwanzo kwamba siku atakapokokotoa kilowati 4.5 na kuombwa aandike 3, atakuwa tayari ameijua kasoro, na ajuaye hana tena nafasi ya kusema hakuulizwa.