Laana ya Mama na Sala ya Kanisa

Wengi wetu tukisikia habari za miujiza twafikiri mara moja nyakati za Mitume. Yaliyotukia baadaye hatuyajui sana. Basi leo twapenda kuwasimulia jambo lililotokea katika bara letu hili la Afrika, katika mji wa Hippo, ambao leo huitwa Annaba nchini Algeria, yapata mwaka 425. Aliyeliandika ni askofu wa mji huo, Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha 22 cha Mji wa Mungu, naye alikuwapo.

Huko Kaisaria ya Kapadokia aliishi mama mjane mwenye watoto kumi, saba wa kiume na watatu wa kike. Watoto walimkosea vibaya, naye kwa uchungu akawalaani. Wote wakapatwa na kutetemeka kwa viungo, hata wakaona haya kuonekana na watu wa kwao, wakatawanyika. Mama naye hakufurahi. Alipoona laana yake imetimia alikata tamaa, akajinyonga. Sisi tuliokua tukiambiwa kutafuta radhi za wazazi twaelewa msiba wa nyumba ile: aliyefunga fundo hayupo tena kulifungua.

Wawili kati yao, Paulo na dada yake Palladia, walifika Hippo siku kama 15 kabla ya Pasaka. Kila siku walikwenda kanisani, mahali palipowekwa masalia ya Mtakatifu Stefano shahidi, yule aliyekufa akiwaombea waliompiga mawe, wakamsihi Mungu awasamehe.

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa tele. Paulo alikuwa akisali, ameshika uzio wa mahali pale patakatifu, mara akaanguka, akalala kama mtu aliye usingizini. Wala hatetemeki, ijapokuwa siku zote hata usingizini alikuwa akitetemeka. Wengine walitaka kumwinua, wengine wakawazuia. Akainuka mwenyewe, mzima. Askofu alikuwa bado hajaingia kanisani. Watu wakamkimbilia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza kuleta habari. Kisha kijana akaja, akapiga magoti mbele yake. Augustino akamwinua, akambusu.

Siku ya tatu askofu aliamuru maelezo ya Paulo yasomwe mbele ya watu wote, na ndugu hao wawili wasimame ngazini waonekane, mmoja ametulia, mwingine anatetemeka mwili mzima. Hapo twaomba tutue kidogo. Ni nyumba ngapi zetu zilizo hivyo! Huyu amepona, yule angali kitandani, na ugonjwa ni ule ule, na sala zilikuwa zile zile. Jirani naye haoni haya kumwambia mgonjwa kwamba imani yake ni haba. Augustino katika masimulizi yake hamlaumu Palladia hata kwa neno moja. Asema tu ya kuwa watu waliona kwa kijana jambo la kumshukuru Mungu, na kwa dada jambo la kumwomba. Kanisa zima likauchukua ugonjwa wake kuwa wake.

Ndugu hao walipokwisha ondoka mbele ya watu, askofu akaanza kuhubiri juu yao. Aliwaonya watoto wawaheshimu wazazi, na wazazi nao waiogope hasira yao wenyewe. Maana mama yule hakuwa na haki ya kuwapoteza watoto wake, hata kama walimkosea. Angali akisema, makelele ya furaha yakasikika toka upande wa masalia. Palladia alikuwa amerudi kusali, akagusa uzio, akaanguka kama kaka yake, akainuka mzima. Wakamleta pale pale aliposimama akitetemeka muda mfupi uliopita. Watu wakapaza sauti za sifa pasipo maneno, hata masikio yakashindwa kustahimili.

Mahubiri ya siku ile hayakumalizika. Augustino aliyamalizia kesho yake.