Siku ya Maafa, Sauti ya Nani Itangulie?

Adhuhuri ya tarehe 7 Julai 2005, saa chache baada ya mabomu kulipuka katika treni tatu za chini ya ardhi na basi moja jijini London, Polisi wa City of London waliitaka kampuni ya simu ya O2 iwafungie laini wananchi wa kawaida katika eneo la kilomita moja kuzunguka kituo cha Aldgate. Kampuni ikatii. Kwa karibu saa tano, minara yake katika eneo hilo ilipitisha tu simu zilizosajiliwa maalumu kwa vikosi vya dharura. Baadaye kampuni ilikadiria kwamba simu laki kadhaa za wananchi, pengine hata zaidi ya milioni moja, hazikupita. Watu 52 waliuawa siku hiyo na mamia wakajeruhiwa; jiji zima lilikuwa likitafutana.

Kamati ya Baraza la London iliyochunguza tukio hilo ilitoa ripoti mwaka 2006, nayo ikafichua jambo zito. Uongozi wa pamoja wa vikosi ulikuwa umekwisha kuamua kwamba laini zisifungwe. Ulihofia kuongeza taharuki, na haukuwa na hakika kwamba maofisa waliohitaji kuwasiliana walikuwa na simu zilizosajiliwa. Kikosi kimoja kikaamua kivyake, na raia wakanyamazishwa bila ya kuwa na hakika kwamba kuna mwokoaji aliyenufaika kwa kunyamaza kwao.

Mvutano huohuo umo leo katika suala la mitandao ya intaneti ya kasi kwa ajili ya zimamoto, polisi na magari ya wagonjwa, ambalo kwa nje linaonekana kuwa la wahandisi na wanasheria. Ndani yake limo swali ambalo dini na falsafa zimelishughulikia tangu zamani: shida inapokuwa kubwa kuliko njia za kuitatua, ni haki kumnyima mmoja ili mwingine apate? Na kama ni haki, nani awe mwamuzi, na kwa kiasi gani?

Wanadamu walianza kulijibu mapema. Mkataba wa kimataifa wa redio uliotiwa saini Berlin mwaka 1906 ulizilazimu stesheni kuzipokea kwanza kabisa ishara za meli zilizo hatarini, kabla ya ujumbe mwingine wowote. Ulikuwa uamuzi wa kimaadili, maana biashara ya wakati huo ilitegemea telegramu za kulipiwa. Lakini mkataba ulimlinda aliyekwisha kufikwa na hatari. Haukumlinda ambaye hatari ilikuwa njiani ikimjia.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli ya Californian ilisimama katikati ya barafu, na mwendesha redio wake, Cyril Evans, akaitumia Titanic taarifa. Jack Phillips wa Titanic alimtaka anyamaze, kwa kuwa alikuwa akiwasiliana na stesheni ya Cape Race kutuma telegramu za abiria. Evans akazima mtambo na kwenda kulala. Muda mfupi baadaye, saa 5:40 usiku, Titanic iligonga barafu, na watu wapatao 1,500 wakafa. Phillips hakuwa mtu mbaya. Alibaki akituma ishara za kuomba msaada hadi dakika za mwisho, naye akafa. Alikuwa akifanya kazi ndani ya mfumo ambao haukumwambia kwamba taarifa ya barafu itangulie mbele ya salamu zilizolipiwa. Mwaka huohuo Marekani ilitunga sheria za kuzitaka meli za abiria ziwe na msikilizaji wa redio usiku na mchana, na kila mwenye stesheni ya redio awe na leseni.

Mwanafalsafa wa Marekani T. M. Scanlon, katika kitabu chake cha mwaka 1998, *What We Owe to Each Other*, ana mfano unaolingana na hali hii. Mfanyakazi amebanwa mkono na mitambo katika chumba cha kurushia matangazo ya televisheni, na umeme unamtesa. Hawezi kuokolewa bila mtambo kuzimwa kwa dakika 15, na wakati huo mamilioni ya watu wanatazama mechi ya Kombe la Dunia. Asubiri hadi mpira uishe? Scanlon anakataa, hata watazamaji wawe wengi namna gani. Raha ndogo za watu wengi hazijumlishwi zikawa na uzito kuliko mateso makubwa ya mtu mmoja. Kila mtazamaji inabidi asimame peke yake mbele ya yule mfanyakazi, na hakuna atakayeweza kumwambia kwa haki aendelee kuumia ili yeye aone bao.

Hoja hiyo inatosha pale kinachoshindana na uhai ni starehe au faida. Dini zinasema vivyo hivyo. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitaja mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Nafsi iko mbele sana ya mali. Katika karne ya 13, Thomas Aquinas wa Kanisa Katoliki alifundisha kwamba mtu akiwa katika hitaji la kufa na kupona, vitu hurudi kuwa vya wote, na anayechukua cha kumwokoa hahesabiwi kuwa mwizi. Kama mkate wa mtu binafsi unaweza kuwa wa wote siku ya njaa, sembuse masafa ya redio, ambayo hakuna mtu aliyeyatengeneza na ambayo serikali huyagawa kwa niaba ya umma!

London, hata hivyo, inahitaji fikra zaidi. Waliofungiwa laini hawakuwa wakitazama mpira. Baadhi yao huenda walikuwa majeruhi, au mashahidi wenye habari ambayo waokoaji waliihitaji. Hapa wanafiqhi, wataalamu wa sheria ya Kiislamu, wana msaada mkubwa, kwa sababu hawakuishia kusema kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa. Waliongeza kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake: kinachoruhusiwa ni kile tu kinachoondoa shida, kwa muda ambao shida ipo. Kwa kipimo hicho, uamuzi wa Aldgate haukusimama sawasawa. Aliyeuchukua alikwenda kinyume na chombo chenye dhamana, na haikuthibitika kwanza kwamba wanaopewa njia wana vifaa vya kuipita.

Kipaumbele cha mwokoaji, basi, ni amana. Zimamoto hasikilizwi kwanza kwa sababu ya cheo wala sare yake. Anasikilizwa kwa niaba ya mtu aliye ndani ya moshi. Amana ina masharti, na kuyaweka masharti hayo ndiyo kazi ya mdhibiti wa mawasiliano.

Marekani imejifunza hili kwa gharama kubwa. Tarehe 11 Septemba 2001, jengo la kusini la World Trade Center lilianguka saa 3:59 asubuhi. Marubani wa helikopta za polisi waliona kwamba la kaskazini nalo linaelekea kuanguka, wakatoa tahadhari. Polisi na zimamoto walitumia redio tofauti, na zimamoto wengi waliokuwa ndani hawakupata habari. Jengo lilianguka saa 4:28. Zimamoto 343 wa New York walikufa siku hiyo. Tume ya uchunguzi ilieleza pia msiba mwingine usiotajwa sana: waliopiga 911, nambari ya dharura, kutoka ghorofa za juu walijibiwa na watu ambao hawakuwa wameelezwa kwamba amri ya kuondoka imetolewa, na baadhi wakaambiwa wabaki walipo. Mwokoaji hakumsikia mwenzake, na aliyenaswa hakupata jibu la kweli.

Njia ya kwanza ya kutibu jeraha hilo ilikuwa soko. Mwaka 2008 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliweka mnadani kipande cha masafa ya megahezi 700 kilichoitwa D Block, kwa sharti kwamba mnunuzi ajenge mtandao wa kutumiwa pamoja na vikosi vya dharura. Mnada mzima uliingiza takriban dola bilioni 19. D Block ilipata mteja mmoja tu, aliyetoa dola milioni 472, wakati bei ya chini ilikuwa takriban dola bilioni 1.3. Haikuuzwa. Wafanyabiashara walikuwa tayari kulipa mabilioni kwa masafa huru, lakini wajibu wa kuokoa watu haukupata mnunuzi.

Mwaka 2012 Bunge la Marekani liliamua kwa sheria. Liliwapa waokoaji kipande hicho, likatenga dola bilioni 7, na kuunda chombo cha umma kiitwacho FirstNet. Mwaka 2017 FirstNet iliingia mkataba wa miaka 25 na kampuni ya AT&T. Kampuni hiyo inaruhusiwa kuwauzia wateja wa kawaida nafasi inayobaki katika masafa hayo. Waokoaji wakiyahitaji, wateja hao husogezwa pembeni. Simu za 911 hazikatwi. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito mkubwa kimaadili, kwa kuwa linamzuia mwokoaji asije akanyamazisha kilio kilichompa kipaumbele chenyewe.

Mwaka mmoja baada ya mkataba huo, Julai 2018, moto wa Mendocino Complex uliunguza zaidi ya ekari 400,000 California. Zimamoto wa kaunti ya Santa Clara walikuwa na gari la kuratibu kazi, lililounganishwa na intaneti ya kampuni ya Verizon. Bando lao lilipovuka kikomo, kasi ilishuka hadi chini ya sehemu moja ya 200 ya kasi ya kawaida. Walipolalamika, waliambiwa wahamie bando ghali zaidi. Baadaye kampuni ilikiri kwamba ilikosea katika kumhudumia mteja huyo, kwani utaratibu wake wenyewe ulitaka kikomo kiondolewe wakati wa dharura.

Maelezo ya mkuu wa zimamoto hao yaliwasilishwa mahakamani katika kesi ya Mozilla dhidi ya FCC, iliyopinga kufutwa kwa kanuni zilizowataka watoa huduma wasibague matumizi ya intaneti. Mwezi Oktoba 2019 mahakama iliacha sehemu kubwa ya uamuzi wa FCC isimame, lakini ikairudishia suala la usalama wa umma, kwa hoja kwamba madhara ya dharura yakishatokea hayafidiki kwa adhabu inayokuja baadaye. Mwaka huohuo California ilitunga sheria ya kukataza kupunguza kasi ya akaunti za waokoaji wakati wa dharura. Wema wa Verizon ulikuwepo kwenye karatasi, ila haukumfikia mhudumu aliyepokea simu. Sheria inawekwa ili uhai wa mtu usitegemee kama mhudumu ameusoma mwongozo.

Afrika Mashariki imo katika mazungumzo haya. Mkutano wa dunia wa redio uliofanyika Geneva mwaka 2015, kupitia Azimio 646, uliyahimiza mataifa kufikiria masafa kati ya megahezi 694 na 894 kwa intaneti ya kasi ya vikosi vya dharura. Masafa hayohayo ndiyo yanayotamaniwa na kampuni za simu, kwa sababu yanafika mbali na hupenya kuta vizuri. Tanzania iliuza kwa mnada sehemu ya masafa ya megahezi 700 mwaka 2018. Mnada si dhambi; mwanakijiji naye anahitaji intaneti ya kasi, na kodi hujenga zahanati. Lakini leseni ni karatasi ya umma, na umma una haki ya kuandika humo kinachotangulia.

Mamlaka za mawasiliano za Tanzania, Kenya na jirani zao ziandike mambo matatu katika kila leseni ya masafa hayo: kwamba siku ya maafa mwokoaji atapewa njia bila kuulizwa bando, kwamba simu ya anayeomba msaada haitakatwa kwa ajili ya yeyote, na kwamba amri ya kufunga laini za raia itatolewa na chombo kimoja kinachojulikana, kwa eneo na muda uliotajwa, kisha kitoe hesabu hadharani. Wabunge, maaskofu, masheikh na wananchi waliulize hili kabla mnada unaofuata haujatangazwa.