Dhuluma Asiyoijua Mwenye Kuitenda

Ama baada ya kumshukuru Mungu: watu wa Kilwa, Kivinje na Lindi hawana shaka kwamba kumpiga mzee ni haramu. Sura ya Bani Israili, katika aya ya 23, imekataza hata neno dogo la kuchoshwa na wazazi. Basi fimbo yahitaji dalili gani? Lakini dhuluma iliyo nyingi haina fimbo, na mwenye kuitenda huenda akalala usiku akijihesabu kuwa ametenda wema.

Mfano wake ni maji. Muuguzi, awe wa hospitali au binti wa nyumbani, humnyima mzee maji tangu magharibi ili kitanda kisilowe. Nia yake ni usafi. Naye mzee, kwa umri wake, hahisi kiu kama kijana. Mwili hukauka, akili huvurugika, akaanza kuwaita waliokwisha kufa, na watu wa nyumba husema uzee umemzidi, au kapandwa na shetani. Kadhalika mzee asiyegeuzwa ubavu kila baada ya muda wa saa mbili hivi: ngozi ya kiuno huoza, na kidonda hicho husemwa ni kudura ya Mungu.

Je, asiyejua ana dhambi? Husameheka maadamu hana njia ya kujua. Mwenye njia akaiacha, udhuru wake ni dhaifu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mzee 1 katika kila 6 wa miaka 60 na zaidi hudhulumiwa katika muda wa mwaka mmoja. Si jambo la nadra.

Wala wanaume wasijitoe katika hesabu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani, nafaka ya mzazi fakiri ni juu ya mwana mwenye uwezo. Mke hakulazimishwa kumtumikia mama wa mumewe, na akifanya ni hisani yake. Lakini mume huenda baharini au sokoni, jioni huketi barazani, akamwachia mkewe mzee, watoto na kisima pamoja. Akisikia ukelele, humgombeza mke. Na mke hasira zake atazitua wapi, ila kwa yule asiyeweza kuinuka? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 imeifanya familia kuwa msingi wa kumtunza mzee; neno hilo familia ni jepesi, kwa kuwa halimtaji mtu.

Basi wa kwanza kuulizwa habari ya maji ya usiku ni mwana mwenyewe, naye na ayatafute jawabu kwa mkono wake: apapase shuka, atazame midomo kama imekauka, amgeuze mamaye, atazame mgongo.