Mama Ataishi Wapi?



Katika mafunzo ya ndoa tunawauliza wachumba mambo mengi: mahari, pesa, watoto, imani. Lakini liko swali moja ambalo mimi mwenyewe nimefundisha miaka mingi bila kulitaja. Mzazi wenu akizeeka na asiweze tena kujipikia, ataishi wapi? Swali hilo huja lenyewe, siku simu inapotoka nyumbani kwamba mama ameanguka bafuni.

Bwana na bibi mmoja walinijia nalo usiku. Wana watoto watatu, nao wamepanga nyumba ya chumba kimoja na sebule. Mama yake bwana alikuwa amepooza upande mmoja, akilala pale sebuleni. Jamaa mmoja alikuwa amewashauri wamtafutie nafasi katika nyumba ya wazee, na bwana alikasirika sana. "Mwafrika hampeleki mama yake huko," aliniambia. "Hayo ni mambo ya Wazungu." Mkewe alikaa kimya. Nilipomwuliza yeye, alijibu polepole: "Mwalimu, mwulize ni nani humgeuza mama usiku."

Nilikosa la kusema, maana hata kwangu marehemu baba aligeuzwa na mke wangu. Enyi waume wenzangu, tunaposema kwamba sisi huwatunza wazee wetu, mara nyingi maana yake ni kwamba wake zetu huwatunza. Sifa ni zetu, mgongo unaouma ni wao.

Tena si kweli kwamba nyumba hizi ni mambo ya Wazungu tu. Ni kweli kwamba Masista Wadogo wa Maskini walianzia Ufaransa mwaka 1839, wakati Jeanne Jugan alipomchukua mama mzee kipofu na kumwachia kitanda chake mwenyewe. Alitangazwa Mtakatifu mwaka 2009. Lakini masista hao wako hapa kwetu pia, Nyumba ya Wazee, Kasarani, Nairobi. Wenzetu Wapresbiteri nao wana makao yao Thogoto, Kikuyu. Makao ya namna hiyo yalifunguliwa kwa ajili ya maskini walioachwa peke yao, wala si kwa ajili ya mzazi mwenye watoto wanne walioajiriwa. Kwa wenye uwezo kidogo ziko nyumba za kulipia kila mwezi, na hizo ndizo mabishano yanakozuka katika familia.

Wazee wenyewe wanasemaje? Huwa tunakwenda kuwaona na jumuiya yetu ndogo, tukiwapelekea sabuni na sukari. Mama mmoja aliniambia hataki kurudi kwa mwanawe, kwa sababu kule alifungiwa mlango asubuhi na kukaa na televisheni mpaka jioni. Hapa ana wa kuongea naye, mtu wa rika lake anayekumbuka mambo ya Hali ya Hatari. Mzee mwingine hula vizuri, hupata dawa zake, lakini hana raha: chai ni ya kengele, hana hata kuku wake mmoja wa kumtazama, na binti wa nduguye alipoposwa hakuna aliyemwuliza neno. Wa tatu alinishika mkono akauliza jambo moja tu: "Nikifa, watanizika wapi?" Na yuko bibi ambaye kila wiki huvaa kitambaa chake kizuri kwa sababu mwanawe anakuja Jumapili. Sista alinieleza kando kwamba mwana huyo hajaonekana kwa miaka miwili.

Familia nazo zina mzigo wao. Nawajua wanaowaambia majirani kwamba mama amekwenda kukaa kwa dada. Wanaona haya kumpeleka, na wanaona haya zaidi kwa sababu usiku ule wa kwanza walilala vizuri.

Je, ni dhambi? Nadhani tunauliza vibaya. Bwana wetu, katika Injili ya Marko, aliwakemea vikali watu waliosema mali yao ni korbani, sadaka ya Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Lakini huyo huyo, akiwa msalabani, alimkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi asiyemzaa, naye akampokea kwake. Kukabidhi si kutupa. Anayekabidhi humjua anayempokea, na hupanga kabla ya saa kufika. Na mtu anaweza kutupwa akiwa sebuleni kwa mwanawe, amegeuziwa ukuta.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, na kutunzwa na familia yake pamoja na Serikali. Serikali hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70. Anayenunua nepi za mgonjwa anajua fedha hizo zinakwisha lini. Sehemu kubwa ni ya familia, basi ninyi wawili zungumzeni mapema, na ndugu wote waitwe, hata yule wa Mombasa anayependa kutoa amri kwa simu.

Wale wawili niliwauliza kama mama ameulizwa. Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Tulikwenda tukaketi karibu naye. Ulimi wake ni mzito, lakini akili yake haina kasoro. Alisema amekuwa akisikia ugomvi wao kila usiku nyuma ya pazia. Akakubali kwenda, kwa masharti: azikwe kando ya mumewe, achukue blanketi lake mwenyewe, na mwanawe aje Jumapili kwa miguu yake.

Mwaka unakaribia sasa. Mke bado anasemwa kisimani kwamba ndiye aliyemfukuza mama mkwe, na mume, nasikitika kusema, hajawahi kusimama mbele ya watu akamtetea. Hilo nimemwambia. Kaka mkubwa yuko nyuma miezi mitatu kwa mchango wake. Jumapili moja bwana alituma pesa kwa simu asiende. Mama alimwomba muuguzi azirudishe. Jumapili iliyofuata alikwenda, akafundishwa jinsi ya kumgeuza.